Nusu Kuku wa Kienyeji, Mwenyeji wa Wapi?

Ubaoni, kwa chaki nyeupe, neno lililokolezwa kuliko mengine yote si kuku wala ugali, ni KIENYEJI. Nusu kuku wa kisasa anauzwa shilingi 9,000, na nusu kuku wa kienyeji shilingi 18,000. Maana yake ni kwamba neno hilo moja, lenye silabi nne, limewekewa bei ya nusu kuku mwingine kamili. Nimekula katika mgahawa huo mara tatu ndani ya mwezi mmoja ili nione kama thamani ya neno inafika sahanini au inabaki kwenye chaki. Jina la mgahawa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu jambo nililolikuta pale linaweza kukutwa kuanzia Mbagala hadi Bunju, na si haki mmoja abebe lawama za wengi. Itoshe kusema kwamba uko Dar es Salaam, upande wa Kimara, chini ya paa la makuti, una meza kumi na mbili, na mwenye mgahawa ni mama wa makamo ambaye wafanyakazi wote wanamwita Mama Mkubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Mhudumu alininawisha kwa maji ya vuguvugu, akanipa pole ya jua, akachukua oda yangu bila karatasi: nusu kuku wa kienyeji wa mchuzi, ugali wa dona na mnavu. Chakula kilifika baada ya dakika ishirini. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza, kwa kuwa jogoo aliyekimbizana na wenzake uani kwa miezi minane hakubali kuiva kwa dakika ishirini labda awe amechemshwa tangu asubuhi, na mchuzi wa kuku aliyechemshwa tangu asubuhi huwa mzito, wenye vijicho vya mafuta ya manjano vinavyoelea juu. Mchuzi wangu ulikuwa mwepesi na rangi yake ilitoka kwenye nyanya. Nyama ilikuwa tamu, ilikolea tangawizi na ndimu, na mtu asiyetafuta ugomvi angekula akashukuru. Lakini nilipouuma mfupa wa paja, ulikubali. Ncha yake ikapondeka kama muwa mchanga, na mfupa wa kuku wa kienyeji haufanyi hivyo: ni mwembamba, mgumu, ukivunjika unaacha ncha kali inayoweza kumchoma mtu fizi.

Nilimwita mhudumu.

"Dada, huyu ni wa kienyeji kweli?"

"Wa kienyeji kabisa, baba."

"Mwenyeji wa wapi?"

Alicheka, akadhani namtania, akaenda zake. Meza yangu, hata hivyo, ilikuwa karibu na dirisha la jikoni, na dakika chache baadaye nilimsikia akipeleka oda ya mteja mwingine: "Meza ya sita, nusu kienyeji!" Sauti ya mpishi ikajibu kutoka ndani: "Wa tenga au wa banda?" Naye akasema: "Wa banda. Wa tenga si wameisha tangu Jumapili?"

Kumbe ndani ya jiko hilo neno kienyeji halitoshi kumwambia mpishi amchinje nani. Wa tenga ni kuku wanaoshushwa kila Ijumaa usiku kutoka Singida, wamesafiri takribani kilomita 700 juu ya basi au lori, ndani ya matenga ya fito, kila mmoja wa rangi yake: mwekundu, mweusi, wa madoadoa, kishingo asiye na manyoya shingoni, kuchi mrefu mwenye macho ya hasira. Wa banda ni kuku wanaofugwa nyuma ya mgahawa wenyewe. Niliomba kuwaona, nikaruhusiwa bila kinyongo, nikakuta kuku kama themanini wa rangi ya kahawia nyekundu, wenye umri mmoja na kimo kimoja, kama wanafunzi waliosimama mstarini. Hao ni chotara. Wafugaji wa Tanzania wanawajua vizuri, maana Sasso wa kutoka Ufaransa na Kuroiler wa kutoka India wameenea sana katika mabanda ya mijini: kuku hao hufikisha kilo mbili na zaidi kwa miezi mitatu hivi, wakati kuku wa kijijini anahitaji nusu mwaka au zaidi ili afikishe kilo moja na nusu, na yule broila wa kisasa huuzwa akiwa na wiki tano au sita tu.

Mama Mkubwa hakuona haya yoyote, na hoja yake imenikaa kichwani hadi leo. Alisema: "Mwanangu, kuku hawa wameingia hapa wakiwa vifaranga. Wamekula majani yangu, wadudu wangu na makombo yangu. Wamekaa miezi mitatu. Sasa mtu akikaa mahali, akala chakula cha mahali, akazoea watu wa mahali, hajawa mwenyeji?"

Ukiipima kwa mizani ya lugha peke yake, hoja hiyo si nyepesi. Neno kienyeji linatokana na mwenyeji, na mwenyeji, kama wengi wanavyolichambua, ni mwenye mji: mtu mwenye makazi mahali, anayejua njia za pale na anayempokea mgeni. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inawaweka wawili hao uso kwa uso, na kila aliyekulia kijijini anajua kwamba anayepona hasa ni mtoto wa mwenyeji, ambaye siku hiyo ndiyo anapata kipapatio. Kwa hiyo kienyeji ni kivumishi cha mahali kinachosema kwamba kitu ni cha hapa, lakini hakisemi hapa ni wapi; msikilizaji ndiye anayelijaza pengo hilo kwa kijiji anachokikumbuka yeye. Wala hakidai kwamba kitu hicho kilizaliwa hapa tangu enzi na enzi. Kazi hiyo inafanywa na neno asili, na ndiyo sababu sheria iliyotungwa mwaka 2002 ikaitwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ingawa watu mitaani hadi leo wanasema dawa za kienyeji na mganga wa kienyeji.

Na kama tungelazimisha kienyeji kiwe na maana ya asili, nusu ya ubao wa Mama Mkubwa ingefutwa. Kisamvu anachokiuza chini ya kichwa cha MBOGA ZA KIENYEJI ni majani ya mhogo, na mhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil kuanzia karne ya 16. Matembele ni majani ya viazi vitamu, ambavyo navyo ni wazaliwa wa bara la Amerika. Kunde na mgagani ndizo zenye haki kamili ya kujiita wazawa wa bara hili. Hata kuku mwenyewe, huyo wa Singida mwenye heshima zake zote, ni uzao wa ndege wa msituni wa Asia ya Kusini Mashariki. Wote hao tumewapokea, wamekaa, wamekuwa wenyeji, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama mbele ya sahani ya kisamvu cha nazi akaidai cheti cha kuzaliwa.

Lakini Mama Mkubwa anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba mteja anayelipa shilingi 9,000 za ziada hanunui ukaazi wa miezi mitatu. Ukitaka kujua anachonunua, tazama neno lililoandikwa upande wa pili wa ubao. Kinyume cha mwenyeji ni mgeni, na kwa mantiki hiyo kinyume cha kuku wa kienyeji kingekuwa kuku wa kigeni. Wazee wetu walikuwa na njia yao, walisema kuku wa kizungu. Leo hakuna mgahawa unaoandika hivyo. Ubao unaandika kienyeji upande huu na kisasa upande ule, yaani mahali panapambanishwa na wakati, na katika mpambano huo neno la mahali limegeuka taratibu likawa neno la wakati. Kuku wa kienyeji sasa ni kuku wa zamani: aliyekua polepole, aliyejitafutia mwenyewe, aliyeatamiwa na mama yake badala ya mashine, ambaye hakupewa chakula cha mfukoni kwa kipimo. Kwa maana hiyo, chotara wa Mama Mkubwa anafaulu somo la makazi na kufeli somo la mwendo. Kenya nako taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, imezalisha kule Naivasha kuku wanaoitwa kienyeji walioboreshwa, na jina hilo, hata kama linachekesha kidogo, ni la uaminifu, kwa kuwa linamwambia mnunuzi mapema kwamba mkono wa mtaalamu umepita.

Nikarudi Jumamosi.

Matenga yalikuwa bado yamepangwa ubavuni mwa jiko, na kuku watatu walikuwa wamefungwa kwa katani kwenye mguu wa meza ya kukatia nyama, jambo lililonikumbusha methali ya kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kunifanya nigundue kichekesho ambacho sikukitarajia: katika ua ule, kuku wa kienyeji ndio wageni waliofungwa kamba, na chotara wa Ufaransa ndio wenyeji wanaozunguka watakavyo. Niliagiza kilekile nilichoagiza Jumatano, ila safari hii nikasema wa tenga. Mhudumu alinitazama mara mbili, akatabasamu, akaniambia nivumilie.

Nilivumilia saa moja na dakika arobaini. Mpishi alimchinja jogoo mwekundu, akamnyonyoa kwa maji ya moto, akambabua juu ya moto wa kuni hadi ngozi ikabadilika rangi, akamkata vipande na kumtia sufuriani na chumvi, kitunguu swaumu, tangawizi na maji ya kutosha, bila mafuta hata tone. Mafuta yanatoka kwa kuku mwenyewe. Bakuli lilipofika, juu yake palikuwa na vile vijicho vya manjano nilivyovikosa Jumatano, na harufu yake ilinitangulia kunywa. Nyama ilikuwa nyeusi kidogo kwenye paja, yenye nyuzi zinazovutika, ikidai meno na muda. Mguu wake ulikuwa na kipi, ule mwiba wa jogoo, chenye urefu wa nusu ya kidole changu cha mwisho, na kipi cha namna hiyo hakioti kwa kuku wa miezi mitatu. Mfupa wa paja haukukubali. Firigisi ililetwa katika kisahani cha peke yake, kwa adabu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana mkubwa mezani, ingawa nilikuwa peke yangu.

Kwa kuku huyo shilingi 18,000 ni bei ya haki, na nitaeleza kwa nini siioni kuwa ghali. Tetea wa kijijini hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huacha kutaga na kuatamia, akalea vifaranga, ndipo aanze tena. Kwa mwaka mzima mayai yake ni kama 40 hadi 60. Kati ya vifaranga anaowatotoa, mwewe anachukua wake, kicheche anachukua wake, na ugonjwa wa kideri ukipita kijijini unaweza kufagia ua mzima ndani ya wiki moja kama mwenye kuku hakutafuta chanjo ya tone la jicho kwa wakati. Anayebaki hadi afikie kilo moja na nusu amekwishavuka mengi. Halafu bado kuna mchuuzi anayepita nyumba kwa nyumba akikusanya wawili hapa na watatu pale, kuna tenga, kuna nauli ya basi, na kuna wanaokufa njiani kwa joto. Ubao hausemi lolote kati ya hayo. Yote yamesukumwa ndani ya neno moja, na ndiyo sababu inaudhi neno hilohilo linapotumika siku ya Jumatano kumuuza kuku asiyepitia hata tone la misukosuko hiyo.

Mayai nayo yanastahili aya yake. Asubuhi mgahawa unauza mayai ya kienyeji ya kuchemsha, kwa shilingi 800 kila moja, na mhudumu alinipasulia moja ili nione kiini kilivyo cha rangi ya machungwa, akiamini kwamba amemaliza ubishi. Hakumaliza. Rangi ya kiini hufuata chakula: kuku yeyote anayekula majani mabichi kwa wingi au mahindi ya njano atatoa kiini chenye rangi iliyokolea, awe wa Singida au wa banda la kisasa. Ganda nalo halithibitishi mengi, ingawa la kuku wa kijijini huwa aghalabu jeupe au la rangi ya maziwa, na yai lenyewe dogo. Yale niliyoyaona yalikuwa makubwa, ya kahawia, yanayofanana yote. Yalikuwa mayai mazuri, nayo ni ya banda la kisasa.

Mboga, kwa upande wake, sina neno. Mnavu ulikuwa umechambuliwa kwa uangalifu, uchungu wake umepunguzwa bila kuuawa, umeungwa kwa karanga zilizotwangwa kinuni, na ulinifikia ukiwa bado na kijani chake. Mlenda ulikuwa na mvuto unaotakiwa na haukutiwa magadi kupita kiasi. Nilipouliza ni wa wapi, mpishi alitaja bonde lililo chini ya barabara, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, akataja na mama anayeuleta kila alfajiri. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta kwa kuku: mwenyeji, na mahali pa mwenyeji. Huduma ni ya kirafiki, maji ya kunawa hayakosekani, na pilipili mbuzi inasagwa hapohapo. Choo ni kisafi lakini mlango wake umefungwa kwa kipande cha waya kilichosokotwa kienyeji, na hapa naomba msomaji aangalie jinsi neno lile lile linavyoshuka cheo ghafla. Likimfuata kuku linapandisha bei mara mbili. Likimfuata fundi, kwamba amefunga kitasa kienyeji au ametandaza nyaya kienyeji, linamkosesha kazi. Mtu yuleyule anayeapa kwamba hali kuku asiyekuwa wa kienyeji atagoma kuingia kwenye nyumba iliyojengwa kienyeji. Sijapata maelezo ya kuniridhisha, isipokuwa kwamba tunawapenda wenyeji zaidi wakiwa sahanini.

Mara ya tatu nilikwenda Jumapili, pamoja na shemeji yangu aliyetoka Nairobi, ambaye aliposoma KIENYEJI ubaoni aliuliza kama tutapewa na maharagwe, kwa kuwa kwao neno hilo, likisimama peke yake katika hoteli, linaweza kumaanisha chakula cha viazi, mahindi, maharagwe na majani vilivyopondwa pamoja. Tulicheka, tukaeleweshana, na hapo nikaona tena jinsi neno hili lilivyo mtiifu kwa kila mahali linapotua. Ubao ulikuwa haujabadilishwa. Nilikuwa nimemshauri Mama Mkubwa aandike chotara kwa shilingi 13,000 na kienyeji kwa shilingi 18,000, akanijibu kwa upole kwamba akiandika chotara hatampata wa kumla, hata kama ni mtamu, kwa kuwa watu wanakula neno kwanza. Na chotara wake ni mtamu, hilo sitalikana. Kwa shilingi 13,000 ningemrudia bila kuulizwa.

Kwa anayetaka kwenda mahali pa namna hii, aende Jumamosi kabla ya saa sita, au apige simu mapema ili jogoo awekwe jikoni kabla hajatoka nyumbani. Siku za katikati ya wiki ale kuku wa kisasa wa kuchoma, ambaye pale anachomwa vizuri sana na anauzwa kwa jina lake, au ajitosheleze kwa ugali, mnavu na mlenda. Jumapili hiyo mhudumu alipotufikia hakunipa nafasi ya kuuliza mwenyeji wa wapi. Alisimama, akaweka birika la maji chini, akasema kwa sauti ya chini ili meza ya jirani isisikie: "Wa tenga wamebaki wawili, baba. Nikuwekee?"